Beti, Mtandao Umetulia

Beti wangu,

Leo tangu asubuhi mtandao haujapotea hata mara moja, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Nimegeuka kabisa nikafungua mdomo kusema, "Umeona?" Kiti chako kipo. Siku hizi nimekirundikia makaratasi, maana nikikiona kitupu siwezi kufanya kazi.

Najua ungeanza na, "Niaje, Mwende, umekula?" Nimekula. Nimepika ndengu na chapati, tena nyingi kama kawaida, nikasahau kwamba wa kuzimaliza hayupo. Sasa acha nikueleze mambo yalivyokwenda tangu tulipokuzika. Uliondoka kesi yetu na kampuni ya mtandao ikiwa katikati, na hilo najua linakuuma kuliko kitu chochote.

Unakumbuka tulivyoanza? Chumba changu hapa Gatina, kompyuta mbili, antena juu ya paa, na ruta nyeusi tuliyoiweka juu ya kabati la vyombo. Ulikuja kwa miguu kutoka kwako Makina, ukapangusa viatu mlangoni, tukaketi kusikiliza mikutano ya watu wa ng'ambo na kuyaandika maneno yao. Kazi ilikuwa nzuri, kama tu mtandao ungekaa. Lakini taa za ruta zilikuwa zinazimika zote kwa pamoja, halafu zinarudi moja moja, polepole, kama mtu anayeamka baada ya kulewa. Faili tuliyokuwa tunatuma inarudi mwanzo.

Tulibadilisha kebo. Tukaihamisha ruta dirishani. Ukapanda kwenye paa mwenyewe, leso kiunoni, kuangalia kama antena imelegea. Shosho Wanjiru, yule bikizee wa chumba cha pili, alikuwa chini akikupigia kelele, "Wewe, ukianguka huyo mtoto wako nani atalea? Mimi?" Antena ilikuwa imekaza kama msumari.

Na kampuni tukiipigia, dawa yao ilikuwa moja: zima, halafu washa. Siku moja ukamwambia yule msichana wa simu, "Mami, nimezima na kuwasha mpaka mimi mwenyewe nimezimika." Halafu kabla hujakata ukamuuliza kama amekula. Nilicheka hadi nikatoka nje.

Kisha uchaguzi ukaja.

Siku matokeo yalipotangazwa ulikuwa hapa kwangu, na kurudi Makina haikuwezekana. Barabara zilifungwa, moshi ukapanda upande wa kwako Kibera, baadaye ukapanda na huku kwetu. Mwanao Wafula ulikuwa umempeleka Bungoma kwa mama yako kwa Krismasi. Maduka yote yalikuwa yamefungwa na kredo ya simu haikupatikana popote. Hukujua kama huko nyumbani ni wazima, wala wao hawakujua kama wewe u hai. Hukulia. Ulikuwa tu unafagia hiki chumba, ukimaliza unaanza tena.

Halafu ukaiwasha kompyuta, na mtandao ukashika. Ukamwandikia kaka yako Simiyu huko ng'ambo, naye akatununulia kredo kwa mtandao, ikaingia kwenye simu yako. Mama yako alipopokea ulisema tu, "Wafula?" Akakwambia Wafula anakimbiza kuku. Ulikaa chini sakafuni na simu sikioni, ukawa unasikiliza kuku.

Ile kredo ungeiweka yako peke yako, na hakuna ambaye angekulaumu. Badala yake ulifungua mlango. Watu wa ploti nzima wakaanza kuja, mmoja anamtafuta ndugu yake Kisumu, mwingine bintiye Nakuru. Shosho Wanjiru hakuwa amesikia lolote kutoka kwa binti yake aliye upande wa Eldoret. Ulimwandikia ujumbe neno kwa neno alivyotaka, hata mahali alipotaka umkumbushe avae sweta.

Shosho alikuwa bado ameketi humu ndani wanaume walipokuja na rungu kuuliza nani anaishi hapa, wakitafuta watu wa kabila lake. Wewe ulitoka ukasimama mlangoni, ukaurudisha mlango nyuma yako, ukawajibu kwa lugha ya kwenu, kwa ile sauti yako ya kumuuliza mtu kama mama yake anajua alipo. Kisha nikasikia viatu vikiondoka. Nilipokuuliza umewaambia nini, ulisema, "Nimewauliza kama kuna yeyote ambaye angependa kutuma ujumbe nyumbani."

Kesho yake mmoja wao akarudi. Hakuwa na rungu. Alikuwa na jina la dada yake anayefanya kazi kwenye ofisi yenye mtandao Kakamega, akitaka mama yao aambiwe kwamba yeye yuko sawa. Benchi ya kusubiria ilikuwa imejaa. Shosho alimtazama, akamtazama tena, kisha akasogea akampa nafasi. Wewe ulikuwa unaandika. Sijui kama uliona, na sikuwahi kukuuliza.

Siku zote hizo, Beti, mtandao haukupotea hata kidogo. Tulisema ni kwa sababu ofisi za mjini zimefungwa, hakuna wa kugombania laini. Viongozi walipopeana mikono na watu wakarudi kazini, taa zikaanza kuzimika tena. Ukasema, "Yaani hii kitu inataka vita ndiyo ifanye kazi?"

Ndipo ulipoamua kupambana nao. Kila wiki ulipiga simu. Wanakupa namba ya lalamiko, wanakaa, wanakutumia ujumbe kwamba lalamiko limefungwa. "Nani amesema limefungwa? Mimi sijafunga. Nipe supavaiza wako." Supavaiza anasema wakiangalia kutoka kwao laini iko sawa, shida iko kwetu. "Basi njooni mwione hiyo shida ikiwa kwetu." Waliahidi kuja, hawakuja.

Ukaanza kukohoa. Ulisema ni vumbi la njiani. Ulipokubali kwenda hospitali, mapafu yalikuwa yamechoka. Nilikuja wodini na uji, na kabla hujaugusa ukaniuliza, "Wamekuja?" Nikasema bado. Ukasema, "Usikubali wafunge kesi, Mwende." Nilifikiri tutaongea zaidi kesho yake.

Niliporudi kutoka mazishini Bungoma sikugusa kompyuta kwa muda mrefu. Nilipoiwasha, taa zikazimika vilevile. Nikachukua simu nikapiga. Msichana akaangalia huko kwake, akasema akaunti ni ya Beatrice Nekesa, na ni mwenye akaunti tu anayeweza kulalamika. "Naweza kuongea na Beatrice?"

Nikasema hapana.

"Atapatikana saa ngapi?"

Beti, wengine wote walikuwa wameambiwa na watu wengine. Sikuwa nimewahi kulisema hilo neno kwa mdomo wangu. Nikamwambia, "Hatapatikana. Alifariki."

Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Ni yule mama wa Gatina? Yule wa kuniuliza kama nimekula?" Nikasema ndiye. Akasema, "Tafadhali usikate." Nilisikia kiti kikisukumwa. Nilisikia akiongea na mtu, na sauti yake ikipanda, akisema, "Hapana, sir, hii haijawahi kushughulikiwa, angalia mwenyewe." Aliporudi kwenye simu alikuwa anavuta kamasi. Akaniambia jina lake ni Purity, na kwamba fundi atakuja, asipokuja nimpigie yeye.

Fundi alikuja. Mtu mtulivu, amevaa kofia ya kampuni. Alipima antena, akapima kebo, akasema kila kitu kiko sawa. Nikaona hii ndiyo ile hadithi ya siku zote. Lakini hakuondoka. Alikubali chai, akakaa akiitazama ruta. Kisha akauliza, "Kuna wakati wowote iliwahi kutulia?"

Nikamwambia, "Wakati wa vita."

Akaweka kikombe chini. "Wakati wa vita ni nini hakikuwepo hapa?"

Nikazungusha macho chumba kizima, na ndipo nikasikia kile ambacho mimi na wewe tulikuwa tumeacha kukisikia kwa sababu ya kukizoea: nyuma ya ukuta, jirani yetu Baba Kevo akichomelea geti kwenye karakana yake. Mashine ikanguruma. Taa za ruta zikazimika zote kwa pamoja.

Alikuwa Baba Kevo, Beti. Stima yake na yetu ni laini moja. Kila akigusisha chuma, umeme unashuka kidogo tu, ruta inazirai. Kompyuta zetu zina ile boksi ya betri inayoshikilia umeme ukishuka, kwa hivyo hazikutetereka, lakini ruta tulikuwa tumeichomeka ukutani. Wakati wa vurugu alikuwa amefunga karakana akakimbilia kwa wakwe zake. Fundi aliing'oa plagi ukutani akaichomeka kwenye boksi ya betri. Hiyo tu. Nilicheka, halafu nikalia, na fundi wa watu hakujua aangalie wapi.

Baba Kevo aliposikia alikuja mbio, miwani ya kazi bado kichwani. "Mama, kumbe ni mimi nilikuwa nawaua?" Kisha akasikia alichosema, akatazama kiti chako, akaivua ile miwani. Jioni alirudi akasema angependa kukuchomelea msalaba wa chuma, kama nyumbani kwenu hawatakataa. Nimempigia mama yako. Amesema uletwe, na uwe na maua pembeni. Baba Kevo anayakunja sasa hivi, petali baada ya petali. Nayasikia ninapokuandikia, na ruta inawaka tu.

Nyumba yako ya Makina tumeirudisha kwa mwenyewe. Cherehani yako nimeituma Bungoma. Shosho Wanjiru binti yake alirudi, wanaishi pamoja, wanagombana kila asubuhi kuhusu sukari. Purity alinipigia kusema akaunti lazima iandikwe jina langu. Nikaandika.

Jana Wafula alinitumia barua pepe yake ya kwanza. Binamu yako alimkalisha kwenye kompyuta ya ofisi akamwacha aandike mwenyewe. Ameandika yote kwa herufi kubwa. Anasema amekuwa namba tano darasani, kuku mmoja ameibiwa, na anataka kujua: MAMA NA WEWE MLIKUWA MNAONGEA NINI SIKU NZIMA?

Nimekaa na hilo swali tangu jana. Nilianza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena. Jibu lake haliandikiki.

Kwa hivyo nakuja, Beti. Disemba, shule zikifungwa na msalaba ukiwa tayari, nitapanda basi la Bungoma, na nitaketi na mtoto wako nje ya nyumba ya mama yako, nimwambie kila kitu tulichokuwa tunaongea, hata ule upuuzi. Akichoka kusikiliza nitanyamaza, akiuliza tena nitaanza upya.

Lala vizuri, rafiki yangu.

Wako,
Mwende