Kwenda Saa Moja, Kurudi Masaa Matatu

Jumatatu, 4 Machi

Baba Pacha kaondoka alfajiri, kafuata kazi yake ya kufunga lifti kwenye lile jengo jipya la mbali. Atarudi Ijumaa. Nafua suruali yake, nakuta mfukoni tiketi ya safari iliyopita. Kwenda: kuruka saa mbili asubuhi, kutua saa tatu. Kurudi: kuruka saa nane mchana, kutua saa kumi na moja. Saa moja kwenda, masaa matatu kurudi! Mimi fundi cherehani. Kitambaa nikikipima kuanzia huku au kule, mita ni zile zile. Kichwa kinaniuma.

Na nyumbani hufika saa tatu usiku, kila safari. Njia ya kurudi ni ndefu, mke wangu, husema. Nami nampashia chakula.

Jumatano, 6 Machi

Wifi kaja kuchukua sare za wanawe. Nimemwuliza habari ya ile tiketi, maana si ni kaka yake? Kacheka mpaka akakaa chini. Umbali hauongezeki, akasema, kinachoongezeka ni uongo. Halafu eti ananitania tu. Sasa sijui utani ni upi. Wifi ni wifi — hujui kasimama upande gani.

Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Nimefumua. Nina wivu, basi, nimesema.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefunga duka mapema, nikaenda kwa binti anayekata tiketi za ndege. Nikajifanya msafiri. Kilomita elfu moja na mia mbili, kasema, kwenda na kurudi ni hizo hizo, na angani ni masaa mawili kila upande. Ila saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukienda unaipata, ukirudi unairudisha. Tiketi huandika saa ya pale unapotua. Kanichorea na mchoro. Nikaelewa. Kufika nje ya mlango, nikapotea tena.

Lakini tiketi haina uongo! Nimemwonea bure mume wangu.

Ila — akitua saa kumi na moja, na uwanja ni nusu saa tu kutoka kwetu, hiyo saa tatu usiku inatoka wapi? Labda ndege huchelewa, kasema binti. Labda.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa uwanjani. Nimewaacha pacha kwa wifi, nimevaa gauni la bluu, nije kumpokea. Ndege haikuchelewa. Nimemwona akitoka na begi lake la spana, peke yake. Hakuelekea mlangoni. Kanunua chai, kakaa dirishani.

Nilishaanza kumfuata. Simu ikaita — yeye! Namwona midomo ikicheza. "Mama Pacha, ndege imechelewa. Bado tuko huku huku. Kuleni, msinisubiri." Sauti ya upole, ya siku zote. Nikamjibu haya, safari njema. Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Hakuna mwanamke. Nimekagua kila kiti. Angekuwepo ningejua la kufanya, hata kiatu ningevua. Anatazama ndege tu, anapuliza chai. Uso umetulia — nyumbani sijauona hivyo tangu pacha wazaliwe. Imeniuma kuliko mwanamke.

Niko nyuma ya nguzo. Nikienda, nitaanza na neno gani? Nikirudi, nitampashia chakula?

Sasa kaagiza chai nyingine.