Jina Linaloanza na L

Zierikzee, 28 Oktoba 1996

Mwanangu Lieke,

Nina miaka sabini na nne. Nimeyapita mafuriko ya mwaka hamsini na tatu yaliyomchukua kaka yangu, nimempita mama yako, nimezipita kompyuta saba. Hujambo? Mimi goti tu, kwingine chuma. Nasikia ofisi yenu inachagua lugha mpya ya kompyuta ya kuandikia programu ya matuta ya kuzuia bahari, na mwenyekiti ni wewe. Waambie vijana wako, "Baba yangu aliishia darasa la sita, akajifundisha lugha ya Fortran kwa kadi za matundu za kompyuta, na hesabu zake zimezuia bahari miaka thelathini na tano." Hiyo lugha yao ya C++ imezuia nini? Hata maji ya ndoo bado.

Baba yako

Delft, 4 Novemba

Baba mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti, likande kwa maji moto. Kwa hesabu nzito Fortran bado inakimbia kuliko zote, nami naitaka. Ila nimekuta jambo. Katika programu yako, kimo cha mawimbi ulikiita LIEKE, mwaka niliozaliwa. Wewe ndiye uliyenifundisha: jina likianza na herufi I mpaka N, Fortran hulichukua kama namba nzima, desimali inatupwa. Mawimbi ya mita 2.8 yanakuwa 2. Tuta la kaskazini limejengwa fupi, Baba. Dawa ni herufi moja mbele ya jina. Lakini wenzangu wanauliza, mistari elfu tisa iliyobaki nani anaijua? Ni wewe tu. Njoo Alhamisi tarehe 14, saa nne, useme, "Hapa nilikosea, kwingine nitawaonyesha." Ukisema, tunabaki nayo. Usipokuja, tunaizika.

Binti yako

Zierikzee, 7 Novemba

Lieke,

Sijambo. Sijakosea tangu nizaliwe. Waulizeni wajenzi. Siji.

Baba

Delft, 15 Novemba

Baba,

Natumaini umeamka salama. Jana tulikungoja mpaka saa sita. Mmoja akasema, "Mzee wa kadi ameingia mitini." Wakacheka. Nikapiga kura pamoja nao: C++. Tuta tutaliinua. Sina hasira, nimechoka. Sitaandika kwa muda.

Binti yako

Zierikzee, 1 Februari 1997

Mwanangu,

Hujambo? Wiki kumi na moja sijapata barua. Kosa ni langu. Siku ile nilipoisoma barua yako nilifungua karatasi zangu, nikaliona kosa kabla kahawa haijapoa. Hao vijana wako wangechukua mwezi. Tena tarehe 14 nilikuja. Nilivaa suti niliyomzikia mama yako, nikasimama nje ya mlango wenu. Nilikusikia: "Tumngojee, baba'ngu hujifanya mgumu tu." Mkono ukakataa kushika kitasa. Huamini, muulize Teunis, mlinzi wa lango. Yeye ndiye aliyenishikia kofia saa mbili nzima, na yeye ndiye aliyeniambia mmeshapiga kura.

Baba yako