Betri Iliyojaa Ijumaa

Jumanne, 5 Machi

Baba,

Shikamoo. Vipi miguu? Vipi kifua? Nauliza kwa sababu adabu ulinifundisha mwenyewe, si kwa sababu hasira imeniisha. Simu zangu hupokei. Barua huwezi kuikata.

Tulikupeleka kwenye ile nyumba ya mbao msituni ili ufurahi. Ulifanya kazi ya bwana miti pale miaka kumi na tisa, na tangu waigeuze ya wageni ulikuwa hujaikanyaga. Siku mbili tu, bila umeme, bila simu. Simu zetu tulimkabidhi mlinzi wa geti akazifungia kwenye kopo la biskuti, na wewe ukacheka: "Leo ndiyo nitajua kama mna macho." Jumamosi mvua ikatuzuia ndani. Nikashusha lile daftari lako la redio ya mawasiliano wanaloliweka rafuni kama pambo, nikaona mwandiko wako, nikasoma kwa sauti: "Ijumaa jioni, betri imejaa. Jumamosi, betri imekufa." Mume wangu, fundi umeme wa magari, akatania: "Mzee, betri iliyojaa Ijumaa haifi Jumamosi, labda iuawe."

Utani tu, Baba! Ukanipokonya daftari, ukalitia kwenye jiko la kuni. Ukamwita "mpumbavu wa gereji" mtu aliyekubeba mgongoni kuvuka kijito. Kisha ukatoka na mkongojo kwenye mvua, mtu wa miaka themanini na moja! Tulikutafuta saa mbili nzima, simu zote ziko kwenye kopo. Tulikukuta getini umelowa chapachapa.

Tarehe ya mstari ule sikuitia maanani mpaka tulipokuwa garini. Ni Jumamosi ile aliyokufa Mama, ulipoitwa redioni usisikie, kwa sababu ya betri aliyoiharibu Mjomba, fundi wa redio. Kama ni uchungu, sema ni uchungu. Lakini wewe hukulia. Uliogopa. Nataka kujua uliogopa nini.

Mwanao


Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo, kifua kipo, vyote vimechoka. Natumaini nyinyi huko ni wazima.

Kwanza hilo kopo. Nimeishi msituni miaka kumi na tisa bila kumlipa mtu anifungie kitu. Nyinyi mnakwenda kutafuta kimya kwa miadi, kama watu wanaokwenda kung'oa jino. Kimya si kitu cha kuchezea. Hamjui kinachoweza kufanywa na kimya.

Pili, daftari lilikuwa langu, mwandiko ulikuwa wangu, na kuni zilikuwa mbichi.

Tatu, mwambie mkwe wangu ashughulike na magari ya watu. Na huyo mjomba wako usinitajie tena katika barua.

Baba yako


Jumapili, 28 Aprili

Mwanangu, mama yangu,

Salamu nyingi. Wiki saba hujaniandikia. Hali yako siulizi, maana sidhani kama nina haki ya kujibiwa. Yangu ni hii: daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Ananiambia tu "tutaonana, mzee", bila kutaja siku. Kwa hiyo naandika yote, na mkono ukichoka naupumzisha. Usishangae mistari ikipanda na kushuka.

Mumeo alisema kweli. Betri ile niliiua mimi.

Ijumaa ile mama yako alikwenda ofisi kuu ya idara ya misitu kuniita redioni. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na wewe una miaka sita. Alitaka nirudi nyumbani. Nikamjibu nina kazi. Akasema, vituo vyote sita vikisikia: "Watu wanakuita bwana miti. Kumbe ni kweli, una miti tu. Mimi sina bwana. Ova." Vituo vikaangua kicheko. Yule wa kituo cha bondeni akaingia redioni akaniuliza mvule wangu unajifungua lini.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Jumamosi kulipokucha nikachukua spana namba kumi, nikafungua waya wa betri. Nikasema, siku mbili hizi mtu asiniite.

Na nikapumzika, mwanangu. Hilo ndilo sijaweza kulitamka hata nikisali peke yangu. Nilioga kijitoni, nikasoma kitabu kizima, nikalala mchana kama mtoto aliyeshiba. Sijapata siku mbili tamu kama zile maishani mwangu. Mama yako alianza kutoka damu saa tatu asubuhi, na gari pekee la idara lilikuwa limeegeshwa nje ya dirisha langu. Mjomba wako, fundi wa redio, kaka yake wa tumbo moja, alishika redio akaniita mpaka saa kumi, sauti ikamkauka. Saa kumi hapakuwa tena na sababu ya kuniita.

Jumapili jioni niliporudisha waya, nilisikia kituo cha bondeni kikinipa pole. Kabla sijawasha gari nilijaza mstari wa Jumamosi: betri imekufa.

Mbele ya kamati ya uchunguzi mjomba wako, mwenye dhamana ya betri zote, alisema betri ilikuwa nzima, nati ina mikwaruzo, mtu ameifungua kwa spana namba kumi. Mimi nilimtazama tu. Nilikuwa mfiwa, nina mtoto mdogo mapajani. Nani angemsadiki yeye? Wakamfukuza kazi. Ndugu zake wakamkana. Nikakufundisha usimsalimie. Na siku ya harusi yako, ulipotuma watu wamwondoe getini, nilikuwa nimesimama nyuma yako na nikanyamaza.

Msomee mjomba wako barua hii. Ukimaliza, unifanye utakavyo.

Baba yako


Ijumaa, 3 Mei

Kwako wewe,

Sikuamkii. Nimejaribu kuandika lile neno, mkono umekataa.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikairudia nimesimama. Miaka thelathini na sita! Nilipokuwa na miaka kumi na moja Mjomba alinisubiri nje ya shule, ameniletea kalamu za rangi. Nikamtemea mate. Nikaja mbio kukusimulia, nawe ulikuwa unanyoa ndevu. Ukaniambia "vizuri". Hukugeuka hata kunitazama. Vizuri! Ulinifanya nimtemee mate mtu pekee aliyemlilia Mama siku ile, wakati wewe unaoga kijitoni.

Na sasa unataka mimi ndiye nimsomee? Mimi si redio yako. Mdomo unao.

Nimekwenda alipo. Anatengeneza pasi na feni kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la rangi. Nilipomwambia "shikamoo, Mjomba", bisibisi ilimdondoka. Akaniuliza, "Nani amekufa?" Fikiria. Kwake yeye, mimi kumsalimia lazima awe amekufa mtu.

Sikumwambia kitu, ila kwamba unamwita. Mume wangu atamleta Jumamosi ya tarehe kumi na moja, saa nne. Utasema mwenyewe, uso kwa uso, hata kama utasema neno moja kwa dakika. Mimi nitabaki garini. Usinipungie mkono.

Binti wa marehemu Mama


Jumapili, 12 Mei

Mwanangu,

Sina hakika kama bado naruhusiwa kukuita hivyo. Natumaini mlifika salama.

Mumeo nimemwomba radhi mlangoni. Akasema, "Yamekwisha, mzee, hata gereji wapumbavu tupo wengi," akaingia jikoni kunirekebishia swichi. Mtu huyo hakustahili matusi yangu.

Mjomba wako alikaa ukingoni mwa kiti, kama mteja. Nikaanza, "Shemeji." Akasema, "Sema." Nikasema. Kikohozi kilinikatiza mara tatu. Alinisubiri, lakini maji hakunipa, na yalikuwa karibu naye. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Spana namba gani?"

"Kumi."

Akafumba macho. "Niliwaambia kumi," akasema. "Niliwaambia."

Spana yenyewe ilikuwa kwenye mtoto wa meza, sijawahi kuweza kuitupa. Nikampa. Akaifuta kwa pindo la shati, akaitia mfukoni kama kitu chake kilichoazimwa. Nikamwambia, "Nitukane basi, shemeji. Nipige hata kofi." Akasimama. "Nilikuita tangu saa tatu mpaka saa kumi," akasema. "Maneno yangu kwako niliyamaliza siku ile." Akatoka bila kuaga.

Nimebaki na hasira, mwanangu, na sijui nimkasirikie nani. Nilijiandaa kwa matusi. Sikujiandaa kuachwa hivi hivi nimekaa.

Kwa idara nimeandika kila kitu, nimetia sahihi, mumeo anayo barua hiyo. Ipeleke, jina lake lisafishwe nikiwa bado naweza kuulizwa.

Nilikuona garini kutoka dirishani. Ulikuwa umenipa kisogo, na sikupunga mkono.

Kwa kalamu, nadhani barua hii ndiyo ya mwisho. Nikiita kwa simu, utapokea?

Baba yako


Jumatano, 15 Mei

Baba,

Shikamoo.

Barua ya idara nimeipeleka mwenyewe, Mjomba akiwa kando yangu. Njia nzima alikuwa ameishika ile spana.

Umeuliza kama nitapokea. Sijui. Bado nina hasira nawe mpaka meno yananiuma. Inawezekana nikapokea nisiseme kitu, ukasikia pumzi tu.

Lakini simu sizimi. Naoga nayo mlangoni, nalala nayo kichwani. Piga saa yoyote. Mimi sizimi.

Nitake nisitake,
Mwanao