Neema Ameanza Kupaka Vanishi

Mwanjelwa, Mbeya

Mama yangu mpenzi,

Kamwene, mama. Umeamkaje, na mguu wako unasemaje? Mpunga umeshavunwa wote au bado mko majarubani? Huku baridi imekuja vibaya mwaka huu. Asubuhi mtu akiongea moshi unamtoka mdomoni, na nguo zikifuliwa leo hazikauki hata kesho.

Mdogo wangu Neema alifika salama. Nilimpokea stendi, amechoka lakini anacheka, na ule mchele uliompa haukumwagika hata punje. Tunaula polepole.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu unaipokelea kwa shangazi, mbele ya watu, na mimi nikiisikia sauti yako nitalia tu bila kusema kitu. Barua hii anakuletea mume wa Keti, jirani yangu, yule dereva wa lori. Anapita Iringa kupeleka viazi, na amesema ataiingiza mwenyewe kwenye gari la kuja huko kwetu Idodi.

Mama, ulimtuma Neema ashike kazi yangu kwa Mzee Shabani kwa kuwa ulisikia mikono yangu inauma. Ngoja nikueleze inavyouma.

Unajua pale tunatengeneza fimbo za kuvulia samaki, za wageni wanaokwenda kuvua kwenye mito ya baridi huko milimani. Mzee Shabani anachonga mianzi na kuiunganisha. Halafu zinafungwa zile pete ndogo za kupitishia mshipi, na kila pete inashikwa kwa uzi mwembamba wa hariri, unaozungushwa mpaka huoni mwanya. Kazi yangu ilikuwa kuupaka uzi huo vanishi, ile ya kuchanganya kutoka chupa mbili. Bila vanishi uzi unalowa, unaoza, pete inang'oka na samaki anakwenda zake. Ukishapaka, unapitisha moto mdogo chini yake mapovu yapasuke, kisha fimbo inazungushwa taratibu na mota hadi vanishi ishike. Ikisimama kabla haijashika, vanishi inateremka upande mmoja na kuganda kama tone la nta. Hapo umeharibu.

Nilikuwa naipenda kazi ile, mama. Uzi mwekundu ukipata vanishi unawaka kama kioo. Mzee Shabani alikuwa akiishika fimbo juani, anaitazama, halafu ananiambia, "Oliva, hapa umepaka au umemimina maji?" Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Vidole vilianza kuwasha kidogo kidogo. Nilidhani ni sabuni. Ngozi ikapasuka kwenye maungio, nikapaka mafuta, nikaendelea.

Siku moja mchana tukiwa na fimbo za mgeni mmoja, zote zimepakwa na ziko kwenye mota, umeme ukakatika. Mzee Shabani akashika moja, mimi nikashika mbili, tukakaa tunazungusha kwa mikono. Kwa baridi ile vanishi haikutaka kushika. Glavu zangu zilikuwa zimechanika na ikaniingia mpaka kwenye viganja. Hatukuweza kuachia. Adhana ya alasiri ililia, mzee akaniangalia, akasema, "Mungu anatuona tulivyo." Tukaendelea kuzungusha hadi jua likaelekea kuzama. Fimbo zilipona zote.

Kesho yake sikuweza kufungua macho. Uso ulivimba, viganja vikajaa malengelenge. Keti ndiye aliyenishika mkono kunipeleka hospitali. Daktari, binti mdogo tu, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamweleza.

"Mwili wako umeikataa hiyo vanishi," akasema. "Dawa nitakupa, utapata nafuu. Lakini ukirudi kuigusa, hata kidogo, itakuwa hivi tena."

"Mpaka lini?"

"Haiishi, dada. Mwili ukishakataa umekataa."

Nilirudi hata hivyo. Mzee Shabani akaniweka kwenye kufunga uzi tu, nikae mbali na chupa. Lakini chumba ni kimoja. Harufu peke yake ilitosha, shingo na kope vikavimba tena. Yule mzee alikaa chini, akavua kofia yake, akasema, "Binti yangu, nikikuambia ubaki, nitakuwa ninakuua." Hakunifukuza, mama. Nilitoka mwenyewe. Ndipo akaomba mtu mwingine wa nyumba yetu, akidhani anatusaidia, na wewe ukamtuma Neema.

Nimetafuta kazi nyingine. Kwa mama ntilie mmoja nilikubaliwa, nikaosha vyombo asubuhi moja, ngozi ikafunguka ikatoa damu. Wateja wakaiona mikono yangu wakahamia meza ya pili. Akaniambia kwa upole nisirudi. Hata huko majarubani nisingekufaa. Maji yananichoma.

Neema ana mkono mzuri kuliko wangu. Mzee Shabani anamsifu. Lakini Jumapili, tukitoka kanisani, nilimwona anakuna katikati ya vidole. Nikaushika mkono wake, nikaona vipele.

"Mbu," akasema.

"Mbu hawaumi katikati ya vidole, Neema."

"Basi ni baridi, dada."

Nikamwambia aache, apande gari arudi nyumbani. Akaniuliza, "Nikirudi, wewe utakula nini? Na mama atakula nini?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli. Kesho yake akaamka, akanichemshia chai, akachukua glavu akaenda.

Nilikwenda kwa Mzee Shabani. Ameagiza glavu nzuri zaidi, amefungua dirisha, na fimbo zinapata vumbi. Anasema dunia yote sasa wanataka vanishi hii, ile ya zamani wageni hawaipokei. Naye amezeeka, macho yamekwisha. Atafanya nini?

Mama, mimi Neema hanisikii. Wewe ukimwita atakuja. Mwite kabla mwili wake haujakataa kama wangu. Nimeomba hivyo, na hapohapo najua kwamba unga ulioko ndani unatoka kwenye mikono yake.

Nisalimie shangazi na simu yake, baba mdogo anayewafukuzia ndege shambani, na bibi mzaa baba, mwambie namwombea. Mwalimu wa kwaya mwambie sijasahau sauti ya tatu.

Najua hutamwita, mama. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi nikijaribu kukulaumu, nimeshindwa. Ningekuwa wewe, hata mimi nisingemwita.

Mwanao mkubwa,
Oliva