Kisima Kilichoingia Kitabuni

Karumanoor,
Wilaya ya Thoothukudi.
14 Machi 1998

Mpendwa Dada Alagammal,

Hujambo huko Penang? Shemeji na watoto je? Na magoti yako, yamepoa? Sisi tunashukuru, ila udongo mweusi umepasuka kwa jua na mama anakohoa vumbi. Pamba si haba.

Dada, kichwa kinanizunguka. Kaka Sudalaimuthu ametoa riwaya. Hakutaja jina la kijiji, lakini udongo ni huu huu, mitaa ni hii hii, na kisima ni chetu. Ameandika kwamba mwaka wa ukame, wewe ukiwa umeshaondoka, tabaka letu lilikifunga ili watu wa mtaa wa mashariki, wale tunaowaita tabaka la chini, wasichote.

Jumapili wazee wetu wakamwita hekaluni. Mjomba Ayyanar alifoka, "Umetuvua nguo mbele ya dunia, wewe! Ifute sura hiyo ya kisima, la sivyo nyumba yenu isikanyage sikukuu ya mungu wetu Mariamman."

Kaka akajibu, "Mjomba, nikiutoa udongo na watu wake, nitaandika nini? Mawingu?"

Wakamtaka mama aape kwamba kisima hakikufungwa. Mama akajifunika kichwa, akaondoka bila kuapa.

Nilidhani watu wa mtaa wa mashariki watamshukuru kaka. Thubutu! Kesho yake Bibi Kaaliammal wa huko akaja, akasimama uani.

"Kijana, kitabuni mwako sisi tunalia tu. Nani kakwambia? Tulichimba kisima chetu kwenye mwamba, tukiimba, tukiwatukana nyinyi mpaka mbavu zinauma. Mbona hilo hukuliandika?"

"Sikulijua, bibi."

"Hukuuliza."

Mama akatoka na mtindi katika kikombe chake mwenyewe cha chuma. Tangu nizaliwe sijaona kikombe chetu kikipewa mtu wa kule. Bibi akakitazama.

"Asante, mwenzangu. Kiu yangu ilikuwa mwaka ule."

Akaenda zake. Mama akabaki amekishika, nami sikujua nimwonee nani huruma.

Kaka hafuti kitu. Sasa kila asubuhi huenda mtaa wa mashariki, hukaa chini, husikiliza. Sikukuu tutaitazama kutoka darini. Nikimkasirikia najiona mwongo. Nikimsifu najiona msaliti. Wewe ulizaliwa hapa, dada. Hivi kijiji chetu ni kipi?

Nisalimie Shemeji Pazhani na mwanao Thenmozhi. Mama anakuombea mvua njema hata huko ugenini.

Ndugu yako akupendaye, aliyechanganyikiwa,
Muthuselvi