Nywele Tumboni mwa Msusi

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana nina furaha na wasiwasi kwa pamoja na sijui nishike lipi. Mimi ni msusi, nina kisaluni cha viti viwili, na mwaka jana nilikwenda kupimwa altrasaundi kwa sababu mimi na mume wangu tunatafuta mtoto, basi daktari akazungusha kile kifaa tumboni, akakirudisha, halafu akasema, "Dada, kwenye ovari yako ya kulia kuna uvimbe mdogo. Ndani una mafuta na nywele, na hiki kigumu huenda ni jino." Mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, mtu asiyejua kunyamaza, akauliza, "Jino? Linatafuna nini huko?" Daktari akacheka, mimi nikalia.

Akaeleza kuwa uvimbe wa aina hiyo hukua polepole na wangu haujanisumbua, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia kisu, nirudi baada ya miezi kadhaa aupime tena. Nikamweleza wifi yangu, tunayesuka naye, naye akapiga kelele mbele ya wateja: "Mama wee! Umemmeza pacha wako!" Tangu siku hiyo kila nikishika nywele za mtu mwili unanisisimka, chakula hakipiti, mume wangu akinigusa tumbo nautoa mkono wake, na mama mkwe naye akaleta chupa ya mizizi ya kuuyeyusha, nikaipokea kwa adabu nikaificha nyuma ya pipa la maji.

Juma lililopita nilirudi hospitali. Daktari akapima, akalinganisha na picha ya kwanza, akasema, "Umeongezeka kama unene wa kucha tu. Endeleeni kutafuta mtoto, turudie mwakani." Mshauri, nilitoka pale mwepesi kama pamba! Mume wangu akaninunulia soda, tukainywa hapo hapo nje, tumesimama, tukicheka kama watoto. Sasa nimeamua yaishe: sirudi tena kupima, kwa nini nikachokoe kilicholala? Ila wifi anasema nikatwe upesi kabla hakijaota meno mengine. Nimsikilize nani?

Msusi Aliyepumua

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa miezi hiyo ya mashaka, na hongera kwa majibu. Soda hiyo mliistahili. Sasa kaa nikuseme kidogo.

Hukummeza mtu. Nilimuuliza daktari wa wanawake ninayemwamini, akaniambia kwenye ovari kuna chembe zenye uwezo wa kutengeneza ngozi, nywele, hata jino. Mara nyingine hukosea njia zikaanza kazi bila kutumwa. Hakuna pacha, hakuna laana, wala hakuna ulichokosea. Mwambie wifi yako hivyo hivyo, tena mbele ya wateja wale wale.

Lakini nawe wanishangaza! Daktari kasema "turudie mwakani", wewe umesikia "kwaheri". Umepumua kwa sababu ulipima. Ungejifungia nyumbani, mpaka leo ungekuwa unatetemeka. Uvimbe huo hauondoki wenyewe, wala mizizi haiuyeyushi. Unachungwa. Ukibaki mdogo na mpole, unaachwa. Ukikua haraka, ukiwa mkubwa au ukianza kuuma, daktari atakushauri utolewe, na mara nyingi hutoa uvimbe tu, ovari ikabaki mahali pake. Kwa hiyo hata siku ya kisu ikifika, usianze kumlilia mtoto ambaye bado unaweza kumpata. Ila kukatwa leo kwa sababu wifi kaogopa, hapana.

Weka miadi ya mwakani sasa hivi, wakati moyo bado umetulia. Picha zako zote zitunze uende nazo. Ukishika mimba kabla ya hapo, mweleze muuguzi habari ya uvimbe siku ya kwanza ya kliniki. Mama mkwe mshukuru, dawa yake usinywe. Na mkono wa mumeo uache ukae ulipokuwa. Mtoto hatafutwi kwa barua.

Hili sasa lishike kuliko yote. Siku maumivu makali yakikubana ghafla upande mmoja, ukatapika, usijilaze ukingoja yapoe. Ovari inaweza kujisokota ikakosa damu, na kuchelewa ni kuipoteza. Mwache mteja na nusu kichwa, kimbia hospitali. Atakununia siku mbili, kisha atarudi umalizie.