Mabega Yangu na Pollera ya Bibi

Guararé, Panama
Januari 22, 2019

Mpendwa Mama Mdogo Nereida,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na Baba Mdogo Arquímedes ameshaizoea baridi ya Bilbao? Mama na Bibi Eudocia ni wazima na wanakusalimu sana. Mimi mwili hauna neno, ila roho imejaa wivu, na huku sina wa kumwambia.

Pollera ya Bibi, lile gauni lake la sherehe, imevaliwa kwenye gwaride Jumamosi, na aliyeivaa ni Mitzila. Mdogo wangu Mitzila, ambaye akicheza ngoma ya tamborito utadhani anafukuza kuku! Tangu utoto wetu kila mtu husema gauni lile ni langu kwa sababu ya miguu yangu. Lakini unajua lilivyo wazi mabegani, na mabega yangu yalijaa chunusi zenye usaha. Mwaka jana Bibi alitangaza mbele ya wote: "Lesi hii mama yangu kaifuma mpaka macho yakamwisha. Sitaki mtu aniletee usaha wake hapa. Atakayekuwa na mabega safi Januari, huyo ndiye atavaa."

Mitzila naye alikuwa na chunusi, hivyo tulikwenda pamoja kwa daktari wa ngozi kule Chitré, tukaandikiwa vidonge vilevile. Daktari alisema ni dawa ya ukoo wa vitamini A. Inaingia kwenye tezi za mafuta zilizo chini ya ngozi, inazisinyaza, na seli zake nyingine zinajifia zenyewe, ngozi ikakosa mafuta ya kulisha chunusi. Lakini dawa haibaki kwenye ngozi tu. Inalitwika ini kazi na kupandisha mafuta kwenye damu, kwa hiyo tulipaswa kupimwa damu kila mwezi. Tena alituonya tusithubutu kushika mimba, mtoto angeharibika. Bibi aliposikia akacheka: "Hilo lisiwasumbue. Kwa sura hizo, nani atawagusa?"

Kisha akapiga marufuku mafuta nyumbani, maana kwake yeye chunusi zote zinatoka kwenye kikaango. Mimi nikatii. Kila asubuhi nilimeza kidonge changu kwa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Mitzila alitia chake mfukoni, akaenda kukimezea kwenye banda la sokoni pamoja na hojaldre, vile vimkate vya kukaanga vinavyochuruzika mafuta, na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Nilimwona kwa macho yangu. Nikanyamaza, nikimwombea kwa moyo wote aote chunusi hadi ndani ya pua.

Badala yake akatakata. Kwanza midomo ilimkauka na kubabuka, na Mama Mdogo, hata midomo ile niliionea wivu, maana daktari alisema ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi, na yangu ilibaki laini kama ya mtoto mchanga. Vipimo vikaonyesha mafuta yamepanda kwenye damu yake, daktari akamgombeza. Damu yangu mimi ilisifiwa. Nilikuwa na majibu mazuri na mabega mabaya. Mwezi wa Desemba Bibi alitukagua kwenye mwanga wa dirisha, akamkabidhi Mitzila gauni bila hata kunitazama mara ya pili.

Jumamosi asubuhi nikawa namchomeka mapambo ya nywele, meno nimeyauma. Nikamuuliza, kwa uchungu tu, dawa moja imewezaje kumpenda yeye na kunikataa mimi. Akaanza kulia, rangi za uso zikamwagika.

"Kidonge kinataka mafuta, dada. Bila mafuta tumboni, sehemu kubwa inapita tu, haifiki kwenye damu. Daktari aliniambia ulipotoka kwenda chooni. Alisema nikwambie."

"Na ukaniacha nanywa chai mwaka mzima?"

"Kila siku ni Omaira anacheza, Omaira ana miguu, Mitzila msogeze nyuma! Nimekuonea wivu tangu najifunza kutembea. Nilitaka siku moja tu niwe mimi."

Nilikuwa na pini mkononi na shingo yake ilikuwa karibu, sitakuficha. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kitamu, ambacho sikuwahi kukionja maishani mwangu. Mimi, mwenye mabega haya, kumbe kuna mtu analala akitamani kuwa mimi.

Nikamfuta machozi, nikamwambia, "Hebu sema tena." Akadhani sijasikia.

Sasa nameza kidonge kwa yai la kukaanga, Bibi akinuna mezani. Nisalimie Baba Mdogo na binamu yangu Elzebir. Mungu awafunike kwa rehema zake na akupe nguvu ya goti mpaka utakaporudi kututembelea.

Mwanao asiyeacha kukupenda,
Omaira